Mpunga wa Nyuma ya Mashine

Bwana Hoza alisimama chini ya turubai la msiba, akavua kofia, akasema kwamba marehemu alikuwa miongoni mwa akina mama wa kwanza kupunguziwa mzigo na mashine yake. Alisema hivyo hivyo: kupunguziwa mzigo. Jeneza la Mama Kristina lilikuwa mbele yake, limefunikwa kitambaa cheupe, na kwenye mikeka upande wa kushoto walikaa wanawake sita, ndio waliobaki kati ya wale waliofanya naye kazi, wameinamisha vichwa kama watoto wanaosomewa makosa ambayo hawakuyafanya. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwangu Mkata alfajiri, nikapita Kabuku na Segera, Korogwe na Mombo, mpaka nikafika hapa Mazinde, na njia nzima nilikuwa nikijiandaa kwa huzuni. Kwa hasira sikujiandaa. Lakini maneno yale nilikuwa nimewahi kuyasikia, kutoka kinywa hicho hicho, nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na siku ile niliyapigia makofi. Nimeishi na makofi yale zaidi ya nusu ya umri wangu. Katika sura hii nataka kueleza yalivyopatikana.

Mwaka ule chuo kilinipeleka Korogwe kwa mafunzo ya vitendo, katika karakana ya kuchomelea iliyokuwa Manundu, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Karakana yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati kisicho na ukuta wa mbele, sakafu yake nyeusi kwa oili, na ndani yake kila kitu kilikuwa kimewahi kuwa kitu kingine: meza ilikuwa mlango wa lori, kiti cha mgeni kilikuwa pipa lililokatwa nusu, na birika la chai lilikaa juu ya gurudumu la trekta. Fundi Mhina, mwenye karakana, alikuwa mtu mfupi mwenye mzaha usiokwisha. Siku ya kwanza aliitazama barua yangu ya chuo, akaigeuza nyuma kana kwamba upande wa pili ndio ungekuwa na ukweli, akasema, "Nimeomba mtu wa kushika nyundo, wameniletea mtu wa kushika kalamu. Haya binti, karibu. Kalamu nayo ni chuma." Saa nne tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha, na ni pale, mihogo ikiwa mkononi, Bwana Hoza alipokuja kueleza shida yake. Alikuwa na mashine ya kupura mpunga, ya pekee katika majaruba yote ya chini ya Mombo. Ilikuwa inapura vizuri, alisema, lakini majani ilikuwa inayatapika mdomoni pake yenyewe. Yakijazana, inasimama. "Nataka iyapulize yenyewe," alisema, akionyesha kwa mkono, kutoka tumboni mwake hadi mbali. "Iyapulize yakajipange huko. Nisimhitaji mtu pale nyuma." Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Ninalo hadi leo. Niliandika "nisimhitaji mtu pale nyuma" bila kujiuliza ni mtu gani aliyekuwa pale nyuma.

Nilimkuta wiki iliyofuata. Mashine ilikuwa imesimama katikati ya majaruba yaliyovunwa, mkanda wake ukipiga kelele, wanaume wawili wakiilisha miganda ya mpunga kwa mbele, na nyuma, ndani ya wingu la vumbi na makapi, walikuwepo wanawake kumi na mmoja wenye uma za miti, wakizoa majani mdomoni mwa mashine na kuyatupa pembeni. Walikuwa wamejifunga kanga usoni mpaka machoni. Mmoja alitoka kwenye wingu, akafungua uso, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi na suruali yangu ya karakana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Binti wa wapi wewe?"

"Handeni."

"Mzigua?"

"Ndiyo, mama."

Akawageukia wenzake, akapiga kofi moja kubwa. "Jamani! Nimeletewa mtumwa wangu, na kalamu juu!"

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Mama Kristina. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, aliyeletwa kutoka Tabora kama manamba kukata mkonge, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za wapagazi. Kwa hiyo, ingawa nilimwamkia kama mama yangu na kumpokea mzigo kila nilipomwona nao, yeye alikuwa na ruhusa ya kunitukana mbele ya watu, nami nilikuwa na ruhusa ya kumjibu. Aliniambia Wazigua tunakula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa sababu hatujui kwamba muhogo una dada yake anayeitwa wali. Nilimwambia Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikaingia mabegani. Wenzake walicheka hadi uma za miti zikawaanguka. Msimamizi wa mashine alipiga filimbi, wakarudi kwenye wingu.

Kwa kuwa kurudi Korogwe kila jioni kungenipotezea nusu ya siku, Mama Kristina alinipa nafasi nyumbani kwake msimu ule wa mavuno. Aliishi katika nyumba ndefu za kambi ya zamani ya mkonge, vyumba viwili na kibaraza, na mimi nilipewa chumba cha mbele pamoja na binti yake Kristina, aliyekuwa darasa la saba. Chumba kile ninakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyolala ujanani: chokaa iliyobanduka ikaacha umbo kama la ng'ombe aliyelala, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, kitanda cha kamba za katani, na kwenye kona, magunia mawili ya mpunga. Juu ya magunia hayo niliweka begi langu, na juu ya begi daftari langu. Jioni tulikula wali wa chenga kwa mboga ya mchunga iliyochemshwa ikabaki na uchungu kidogo, na mara moja moja jino langu lilikutana na punje ya mchanga. "Tafuna tu, mtani," alisema Mama Kristina. "Mchanga wa hapa nao unashibisha." Hakuwa na jaruba. Hakuwa na kipande chochote cha ardhi zaidi ya bustani ya mchicha nyuma ya bafu. Nilikula wali ule jioni baada ya jioni, nikiwa msomi wa mashine za kilimo, na sikumwuliza hata siku moja mpunga aliupata wapi.

Chuoni tulifundishwa kwamba kabla hujarekebisha mashine lazima upime upotevu. Kwa hiyo nilitandika turubai nyuma ya mashine, nikaacha majani yaangukie hapo kwa muda maalumu, kisha nikayakung'uta na kupima punje zilizoponyoka pamoja nayo. Zilikuwa nyingi mno. Niliandika, nikapigia mstari. Wanawake walinitazama wakiwa wameegemea uma zao, kimya, na kimya chao nilikidhania kuwa ni heshima kwa elimu. Jioni moja nikiwa naoga ndani ya bafu la magunia niliwasikia wakipita na maji.

"Yule binti anayakusanya makapi yetu kwenye turubai. Anayapima."

"Anayapima ya nini?"

"Nitajuaje? Labda anatafuta dawa."

Nikasikia sauti ya Mama Kristina: "Mwacheni. Ni mwanafunzi. Atapima, atachoka, ataondoka."

Nilicheka peke yangu, na sabuni machoni. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kurudi nikajimwagie maji ya moto. Walisema makapi yetu. Ni neno gani zaidi nililohitaji kusikia?

Kazi ya kutengeneza bomba la kupuliza majani ilituchukua karibu miezi miwili. Feni ya mashine ilikuwa dhaifu, haikuweza kurusha majani mabichi ya chini ya mganda, kwa hiyo mimi na Fundi Mhina tulikwenda kwenye kiwanda cha mkonge kilichofungwa, tukakuta ndani ya chumba cha brashi, walikokuwa wakisugulia nyuzi, feni kubwa ya chuma, mapanga yake mazima, imelala chini ya kinyesi cha popo. Tuliibeba kwa mkokoteni tukipita kambini. Mama Kristina alikuwa kibarazani anachambua mchunga. Akasimama.

"Hiyo feni naijua," alisema. "Ya chumba cha brashi. Baba alifanya kazi chini yake miaka tisa. Ilikuwa ya kufyonza vumbi lisiwaingie watu kifuani."

"Ilikuwa inafyonza vizuri?" nilimwuliza, kwa hamu ya kitaalamu.

"Nitajuaje? Iliwashwa siku za wageni tu." Akaketi. "Baba alikufa na kifua. Haya, ipelekeni ikafanye kazi sasa. Imelala sana."

Maneno hayo yalinitia ari ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunitia. Niliamua kwamba feni ile ingemwondolea binti vumbi ambalo haikumwondolea baba. Bomba la kwanza lilikwama saa ile ile tulipoliwasha, kwa sababu kona yake ilikuwa kali na majani yalijikunja pale kama nywele kwenye bomba la bafu. La pili Fundi Mhina alilikunja kwa mabati ya mapipa, kona yake ikawa pana na ya taratibu, kama shingo ya korongo, na chini yake tukaweka rimu ya gurudumu na gololi ili liweze kuzungushwa kufuata upepo. Bado kulikuwa na tatizo: feni ilivuta kwa nguvu kiasi kwamba ilinyonya na punje. Ndipo nilipobuni kilango kidogo cha pembeni, kipande cha bati chenye bawaba, cha kuongeza au kupunguza hewa inayoingia kwenye feni. Ukikifungua kwa kiasi fulani, kwa upana wa vidole vitatu, majani yalikwenda na punje zilibaki. Vidole vitatu. Nilivipima kwa mkono wangu mwenyewe, na Fundi Mhina akaweka alama kwa patasi. Aliisugua alama ile kwa kidole gumba, akaniambia, "Binti, umeniweza. Ila kuna mashine na kuna watu wa mashine." Nilidhani ananisifu.

Siku ya kuijaribu majarubani, bomba lilinguruma, likatetemeka, kisha majani yakatoka juu kama kundi la ndege na kwenda kutua mbali, upande upepo unakokwenda, lundo likaanza kupanda lenyewe. Vumbi likaenda nayo. Nyuma ya mashine, pale ambapo tangu mashine ile ije hapakuwahi kuwa na hewa ya kuvuta, palikuwa peupe. Mama Kristina alifungua kanga usoni, akavuta pumzi moja ndefu, akaanza kucheka. Wote walicheka. Walinishika mikono, wakanizungusha, mmoja wao aliyeitwa Mama Sikujua akapiga vigelegele. Sijapata furaha ya namna ile tena, na ninaitaja hapa kwa sababu ilikuwa furaha ya kweli, na kwa sababu ilidumu mpaka saa kumi jioni tu.

Saa kumi mashine ilizimwa. Wanawake wakachukua nyungo na fimbo zao, wakaliendea lile lundo. Nilidhani wanaenda kulitazama. Waliketi kulizunguka, wakavuta majani, wakayapiga kwa fimbo, wakayakung'uta, wakazoa kilichodondoka, wakapepeta. Mama Kristina alirusha ungo wake mara moja, mara mbili, mara tatu. Makapi yaliruka, yakaondoka na upepo, na ungo ukabaki mtupu. Akauinamisha kwenye mwanga, akapitisha kidole. Akatazama ungo wa Mama Sikujua. Mtupu. Walizunguka lundo zima wakijaribu upande huu na upande ule, zikisikika fimbo tu.

Kisha akaja niliposimama, akaniwekea ungo mikononi.

"Mtani," alisema, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na utani, "umetufuta."

Hapo ndipo nilipoelezwa, na aliyenieleza alikuwa Mama Sikujua, kwa hasira, kwa sababu Mama Kristina alikuwa ameondoka. Hawakuwa wanalipwa. Hawakuwahi kulipwa chochote. Tangu mashine ile ije, desturi ilikuwa kwamba anayezoa majani nyuma yake huchukua punje zilizoponyoka ndani ya majani, baada ya kuyapiga na kuyapepeta mwenyewe jioni. Huo ndio uliokuwa mpunga wa nyuma. Ndio uliojaza magunia mawili niliyokuwa nikiwekea begi langu. Ndio niliokuwa nikiula. Jambo hilo halikusemwa kwa sauti, kwa kuwa mwenye jaruba angelisikia angeudai mpunga wake, na Bwana Hoza angesema hajui lolote.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe uliuliza?" alisema Mama Sikujua. "Uliuliza mkanda, uliuliza puli, uliuliza na mafuta. Sisi ulituuliza nini?"

Kwetu Mkata mahindi huwekwa kwenye magunia na kupigwa kwa magongo, na anayekuja kusaidia hupimiwa sehemu yake mbele ya wote kabla jua halijazama. Haikuniingia akilini kwamba ujira wa mtu unaweza kufichwa ndani ya kasoro ya mashine. Lakini Bwana Hoza alijua. Hilo ndilo linalonichemsha damu hata sasa ninapoandika: alijua tangu siku ile ya mihogo. Kwa miaka alikuwa amewafanyisha kazi wanawake kumi na mmoja bila kuwapa punje kutoka ghalani kwake, akiwalipa kwa mpunga wa wakulima, na alipoona wakulima wameanza kulalamika, akatafuta mtu wa kuziba tundu. Tundu lilipozibwa, wakulima walifurahi, na Bwana Hoza hakuhitaji mtu pale nyuma. Aliwaambia asubuhi iliyofuata, akiwa juu ya baiskeli, bila hata kushuka.

Nilimfuata Mombo, kwenye mgahawa alikokuwa akila supu na chapati kila asubuhi. Nilimwamkia. Aliniagizia chai, akawaambia waliokuwepo, "Huyu ndiye mhandisi wangu." Nilimwomba awape wale wanawake debe moja la mpunga kwa kila siku ya kazi, wagawane, hata kama ni kwa kazi ya kuzungusha bomba lifuate upepo. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Debe la nini?"

"La kazi yao, mzee."

"Kazi gani? Si umeimaliza wewe?" Wale wenzake wakacheka. "Binti, wewe ni msomi. Kitu kikishatengenezwa, utarudi kukiharibu kwa huruma?"

Nilirudi nikakiharibu. Sijawahi kuandika hili popote. Kesho yake mapema nilikwenda kwenye mashine, nikakifungua kilango kupita alama, na kwa siku tatu bomba lilirusha punje pamoja na majani, na wale wanawake wakaja jioni na nyungo zao. Nilijiona shujaa. Siku ya tatu mkulima mmoja, mzee aliyekuwa na jaruba dogo kuliko wote, alisimama mbele ya lundo akaokota shuke zima, akalitazama, akaniuliza kwa upole kama hii ndiyo ile mashine mpya. Nikaelewa nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nachukua kwake ili kulipa deni la Bwana Hoza. Mashine ilipelekwa Manundu mchana ule ule, na Bwana Hoza akaamuru kilango kichomelewe kwenye alama, kisisogee tena. Fundi Mhina alikichomelea. Mimi ndiye niliyemshikia kibati. Alipovua miwani nilimwuliza kama alikuwa akijua habari ya mpunga wa nyuma.

"Nani hajui?" alisema. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Nilidhani na wewe unajua. Nilikuona unakaa kwa Mama Kristina, unakula kwake. Nikasema, huyu bila shaka wamekubaliana."

Mwishoni mwa mwaka ule yalifanyika maonyesho ya kilimo, na mashine ilipakwa rangi ya kijani ikapelekwa. Nilisimama kando yake kwa sare safi. Mgeni rasmi alipofika Bwana Hoza aliiwasha, bomba likarusha majani, watu wakashangilia, naye akatamka, "Hii, mheshimiwa, imewapunguzia mama zetu mzigo." Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga. Ningeweza kusema kwamba niliogopa, au kwamba ripoti yangu ilikuwa bado haijasahihishwa, na yote mawili ni kweli, lakini ukweli ulio chini ya hayo ni kwamba yalikuwa makofi matamu, ya kazi ya mikono yangu, na niliyataka. Katika ripoti niliandika kwamba upotevu umekwisha. Neno lile upotevu nililitumia kila ukurasa. Wanawake sikuwataja. Nilipewa alama za juu kabisa.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kumuaga Mama Kristina. Alikuwa kando ya barabara, ameketi juu ya tairi, anaponda kokoto kwa nyundo, kanga imerudi usoni. Vumbi la mawe ni jeupe, na kope zake zilikuwa nyeupe. Nilianza kulia. Akaninyooshea nyundo.

"Nani kakuruhusu? Kumlilia mtu mzima yu hai, huko kwenu Uzigua ndivyo mnavyofanya?"

"Nisamehe, mama."

"Sikusamehe. Mtani hasamehewi." Akaponda jiwe moja, likapasuka vipande vinne. "Sikiliza. Nikifa, utaletewa habari. Usije ukalia, waliaji watakuwepo. Wewe ni mtani wangu, njoo usumbue."

Nilicheka kwa adabu. Tuliandikiana, baadaye tukapigiana simu, alikuja Mkata kwenye harusi yangu akawatukana wakwe zangu kwa ustadi mkubwa, na maneno yale hakuyarudia. Nami nilikuwa nimeyasahau, hadi nilipomsikia Bwana Hoza chini ya turubai lile.

Alipomaliza kusema, tuliliinua jeneza, tukaenda makaburini, nyuma ya mstari wa mkonge. Kaburi lilikuwa tayari, udongo mwekundu umerundikwa pembeni na mabeleshi yamechomekwa juu yake. Mchungaji akafungua kitabu. Nilijifunga kanga kiunoni, mama wa makamo mwenye miwani na cheo ofisini, nikapita katikati ya watu, nikachukua mabeleshi yote matatu, nikayaweka chini yangu na kukaa juu ya udongo.

"Hazikwi mtu," nilisema.

Wazee walielewa kwanza. Nikasikia kicheko. "Mtani huyo! Mzigua kaja!" Vijana waliuliza kuna nini, wakaelezwa kwamba ni haki ya mtani kuzuia kaburi mpaka apewe anachotaka. Kristina, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne, alijifuta uso akaniuliza, kama inavyotakiwa, "Mtani wetu unataka nini?"

"Kwenu sitaki kitu. Namtaka Bwana Hoza alete debe moja la mpunga kutoka ghalani kwake."

Bwana Hoza alitabasamu, akaingiza mkono mfukoni akatoa noti.

"Sitaki pesa, mzee. Nataka mpunga."

"Mama, utani huu ni wako na wafiwa. Mimi nahusikaje?"

"Umesimama hapa ukasema umempunguzia mzigo. Tunataka kuuona huo mzigo uliompunguzia."

Alimtazama mchungaji. Mchungaji alikifunga kitabu akaweka kidole katikati, kuonyesha kwamba angesubiri. Alimtazama Kristina. "Mtani ana haki yake," alisema Kristina. Basi akampigia simu mtu, na tukangoja pale juani, kicheko kikipungua kidogo kidogo mpaka kikaisha, ndipo wale wanawake sita wakainuka kwenye nyasi mmoja mmoja, wakaja kusimama nyuma yangu. Hakuna aliyewaita.

Debe lilikuja kwa pikipiki. Nikamwomba Bwana Hoza alimimine mwenyewe kwenye kanga aliyoitandaza Mama Sikujua. Alilimimina, na sitadanganya kwamba nilimwonea huruma.

"Sasa waambie ni nini."

"Ni sadaka," alisema. "Kwa ajili ya marehemu."

"Hapana."

"Ni… rambirambi."

Nilikaa juu ya udongo wangu. Jua lilikuwa limepanda, na mbali, upande wa Mombo, ilisikika injini ya mashine ya mtu fulani ikipura. Watu wote walimtazama. Alikuwa mtu mwenye akili, sijawahi kumnyima hilo, na alijua vizuri neno lililokuwa likitafutwa, kama alivyolijua kwenye mgahawa ule wa Mombo.

"Ujira," alisema, akitazama chini.

"Hatujasikia, mzee," alisema Mama Sikujua.

"Ujira wao."

Nikainuka, nikakung'uta udongo kwenye kanga, nikampa Bwana Hoza beleshi awe wa kwanza kutupia udongo.